Bunduki kuukuu ya Soy: Soma karatasi kabla ya mtutu

Mtoto wa ndugu yangu, kijana wa Kisauni, alinipigia simu usiku akiwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu. "Ami, nimeipata! Brno ya .22, ya zamani, haina hata kutu. Iko Soy, mbele ya Eldoret. Mwenyewe anataka pesa kidogo tu, na amesema naweza kuitia kwenye gunia la mahindi nikapanda nayo basi."

Kijana huyu amekuwa akienda kulenga shabaha kule Bamburi kwa muda sasa, na ana ndoto ya kumiliki bunduki ndogo ya zamani, zile za kitako cha mbao na chuma cheusi. Sina ugomvi na ndoto yake. Lakini lile gunia la mahindi lilininyima usingizi. Nilimwambia asitume hata shilingi moja mpaka tuzungumze. Niliyomwambia nayaandika hapa, maana najua si yeye peke yake aliyesikia habari za bunduki nzuri za bara.

Kwa nini Soy?

Soy ni kituo kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kaunti ya Uasin Gishu. Makaburu kutoka Afrika Kusini walihamia uwanda huo kwa wingi mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakaongezeka walowezi wa Kiingereza, wengi wao wanajeshi waliogawiwa mashamba. Mji wa Eldoret wenyewe ulianza kwa jina la shamba namba 64, na hadi leo wazee huuita Sisibo.

Katika nyumba za walowezi hao bunduki ndogo ya .22 ilikuwa chombo cha kawaida kama shoka. Ilitumika kuua sungura na kanga wa kitoweo, na kuwafundisha watoto kulenga. Wengi walipoondoka baada ya uhuru wa 1963, baadhi ya bunduki hizo ziliuzwa pamoja na mashamba na matrekta, kwa majirani na kwa waliokuwa manyapara wao. Hizo ndizo zinazozungumziwa leo kwenye vibanda vya chai.

Ardhi nayo ilibadilika. Katikati ya miaka ya 1970 ranchi moja kubwa ya Soy, ya ekari 18,000 hivi, ilipokuwa ikigawanywa kwa wakulima wadogo, twiga wa aina ya Rothschild waliokuwa wakiishi humo walibaki bila pa kwenda. Wachache walipelekwa Lang'ata, Nairobi, na kizazi chao ndicho watoto wetu huenda kukilisha kwenye kituo cha twiga. Wengine walihamishiwa Nakuru. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Tangu hapo .22 ya mkulima imekosa kazi yake ya asili.

Hili lisikupite. Kuna watu wanaotaka bunduki hizi kwa sababu ngedere na nyani wanawamalizia mahindi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mwenye shamba kujiamulia kuwapiga risasi. Anatakiwa kupiga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukinunua bunduki kwa ajili ya ngedere, umenunua kesi.

Karatasi kwanza

Bunduki Kenya inaongozwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Msingi wake ni mwepesi: hakuna ruhusa ya kununua wala kukaa na bunduki au risasi bila cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hicho ni cha mtu mmoja na bunduki zilizotajwa humo. Hakirithiwi kama shamba, hakiazimwi kama jembe.

Watu hujidanganya kwa njia tatu. Wa kwanza husema, "Hii ni ya zamani, ni pambo tu." Bunduki inayopiga risasi zinazouzwa leo ni bunduki, hata kama babu yako aliinunua kwa shilingi za kikoloni. Wa pili husema, "Ni ndogo, ni ya ndege." Risasi ya .22 ina upana wa milimita 5.6 hivi, lakini huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na kuua mtu aliye upande wa pili wa shamba. Wa tatu husema, "Nitachukua vipande vipande." Sheria inahesabu mtutu na sehemu nyingine muhimu kuwa silaha pia.

Kwa hiyo mnunuzi huanza kwake, si kwa muuzaji. Unaomba cheti kwanza. Utachunguzwa mwenendo wako na utimamu wa akili, utatakiwa uwe na cheti cha tabia njema, na utaeleza sababu yenye uzito ya kutaka silaha. Uanachama wa kweli katika klabu ya kulenga shabaha ni sababu inayoeleweka. "Naipenda tu" haieleweki. Utaulizwa pia utaiweka wapi, na jibu ni sefu ya chuma iliyofungwa kwa parafujo ukutani au sakafuni. Uvunguni mwa kitanda si jibu.

Muuzaji naye lazima awe na karatasi zake. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza raia wote wenye leseni wahakikiwe upya, na baada ya hapo zikaja kadi za kisasa. Mtu akikuonyesha kijitabu cha zamani kilichofifia tu, jua bado hajakuonyesha leseni. Njia salama ni kupitia kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Muuzaji humpelekea yeye kwa utaratibu wa polisi, nawe huchukua kwake ukiwa na cheti chenye namba ya bunduki ileile. Utalipa zaidi kuliko bei ya kibanda cha chai, lakini utalala nyumbani kwako.

Wala usifikiri kwa kuwa Eldoret ina kiwanda cha risasi cha serikali basi risasi zinapatikana getini. Kiwanda hicho si duka la raia. Risasi nazo hununuliwa kwa cheti, kwa idadi iliyoandikwa.

Sasa tazama bunduki yenyewe

Karatasi zikiwa sawa, ndipo macho yaende kwenye chuma. Nenda na fundi wa bunduki kama huna ujuzi, na ukaguzi ufanyike kwa huyo mfanyabiashara. Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni Brno ya Chekoslovakia na BSA ya Birmingham, Uingereza. Zote zilitengenezwa vizuri, na zikitunzwa hukaa miaka mingi kuliko mwenyewe.

Kwanza, hakikisha haina risasi. Usiamini neno la mtu. Fungua bolti, toa magazini, tazama chemba, tia kidole. Mdomo wa mtutu uelekee mahali pasipo mtu muda wote. Kwenye Brno nyingi za zamani kizuizi cha usalama kinakwenda kinyume na bunduki nyingine: kikisukumwa mbele imefungwa, kikirudishwa nyuma iko tayari kupiga. Mtu asiyejua hilo anaweza kuua akidhani amefunga.

Pili, namba. Soma iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, uilinganishe na cheti. Bunduki nyingi za Ulaya zina namba kwenye bolti pia. Zikitofautiana, bolti imebadilishwa, na huenda haikai sawasawa na chemba yake. Namba iliyopigwa msasa au kugongwa juu ya nyingine ni ya kuachwa hapohapo, bila mjadala wa bei.

Tatu, mtutu. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, chungulia kutokea nyuma. Miferiji inayozungukazunguka ndani, ambayo huifanya risasi ijizungushe, ionekane wazi mpaka mwisho. Ukiona giza lenye vidoadoa kama ngozi ya ndui, hiyo ni kutu. Risasi za zamani, kabla ya kemikali zake kubadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1920, zilikuwa na chumvi zilizokula mitutu isiposafishwa siku ileile. Ukiona kivuli cha duara kama pete, mtutu umevimba mahali hapo, pengine kwa sababu risasi ilipigwa nyingine ikiwa imekwama. Huo si wa kurekebishwa.

Nne, ukingo wa chemba. Risasi ya .22 haina kiberiti katikati kama kubwa zake. Baruti yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini hugonga hapo. Bunduki iliyochezewa kwa miaka kwa kufyatuliwa tupu huwa na alama ya pini iliyochimba ukingo wa chemba, na maganda hukataa kutoka. Kwa sababu hiyo usifyatue tupu wakati wa ukaguzi, hata muuzaji akikuhimiza.

Tano, mbao. Mstari mdogo nyuma ya bolti, pale mkono unaposhika, mara nyingi ni ufa. Kitako kilichopakwa rangi ya dukani huwa kinaficha kitu. Mikwaruzo ya kawaida isikutishe: ile ni umri, si ugonjwa.

Mwisho, ipigwe uwanjani. Risasi kumi kwenye karatasi mita 25 zitakueleza zaidi ya hadithi zote za shamba. Okota maganda uyatazame. Yaliyopasuka au kuvimba yanasema bolti imelegea.

Hapa bara linatushinda. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake haina chumvi. Bunduki iliyokaa miaka hamsini Soy bila kutu inaweza kuota kutu Nyali kwa wiki chache. Ukishaileta Pwani, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kila mara unapoishika, na usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuupa chuma.

Na yule kogo wa Soy?

Muuzaji wa kijana wetu alikuwa bibi mjane, kogo kama wanavyowaita bibi zao kule. Bunduki ilikuwa ya marehemu mumewe, imekaa darini tangu alipozikwa. Hakuwa mhalifu. Alikuwa akitafuta karo ya mjukuu, na hakuna aliyemwambia kwamba cheti cha mumewe kilikoma pamoja na mumewe. Gunia la mahindi lingekaguliwa njiani, maana kutoka Soy hadi Mombasa ni karibu kilomita 800 za vizuizi na ukaguzi wa mizigo. Ndani ya basi angekamatwa kijana, na kabla ya jioni angekamatwa kogo.

Tulimpigia simu mwanawe, naye akamwona mzee wa kijiji na wakili. Ushauri ulikuwa mmoja: bunduki isiguswe wala kubebwa na mtu wa nyumbani. Polisi wa kituo cha karibu waarifiwe na waje kuichukua wenyewe, familia ipewe nambari ya OB na stakabadhi yenye namba ya bunduki, na cheti cha marehemu kitolewe kama kipo. Kilikuwepo, ndani ya mkebe wa majani ya chai pamoja na hati ya shamba. Kwa kuwa kilikuwepo, wakili anafuatilia kama inaweza kuuzwa kihalali kupitia kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Isingekuwa na karatasi yoyote, ingebaki kwa serikali, na hiyo nayo ni nafuu kuliko jela.

Kijana alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza sefu ya chuma inauzwa wapi. Ombi lake la cheti analiandaa, na kwa sasa anaendelea kulenga kwa bunduki za klabu chini ya msimamizi. Na wewe, kama nyumbani kwenu kuna kitu darini kilichoachwa na babu, kamwone wakili wiki hii, kabla mtoto hajapanda huko.