Mlo wa Mwanariadha: Anachokijua na Anachokila

Mlo wa wakimbiaji wa mbio ndefu wa Kenya hauna mambo ya ajabu. Ni ule ule uliozoeleka katika kaya za wakulima na wafugaji wa Bonde la Ufa: ugali, wali, sukuma wiki, maharage, maziwa, chai ya maziwa yenye sukari nyingi, na nyama kwa kiasi kidogo. Mwaka 2004, mtafiti Mkenya Vincent Onywera pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kupima, kwa muda wa siku 7, kila kilicholiwa na kunywewa na wanariadha 10 wa kiwango cha juu waliokuwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, na kiasi hicho kilifikia takribani gramu 10.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Ugali peke yake ulichangia karibu robo ya nishati yote. Sukari, ambayo sehemu yake kubwa huingia mwilini kupitia chai, ilichangia takribani asilimia 20. Protini ilikuwa kiasi cha gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito.

Takwimu hizi zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba zinakaribiana mno na mapendekezo ya kitaalamu. Mchezaji anayefanya mazoezi mazito kwa saa 1 hadi 3 kwa siku hushauriwa kula gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake, na protini gramu 1.2 hadi 2.0. Wakimbiaji wale waliyafikia mapendekezo hayo kwa chakula cha jadi, pasipo unga wa kopo wala vidonge. Funzo la pili halileti faraja kama la kwanza. Nishati waliyokula ilikuwa wastani wa kilokalori 2,987 kwa siku, ilhali waliyoitumia ilikadiriwa kuwa 3,605. Kwa maneno mengine, mlo ulikuwa sahihi kwa aina yake, lakini kwa kiasi haukutosheleza kazi iliyofanywa katika juma lile.

Tofauti hiyo kati ya kula chakula kinachofaa na kula kinachotosha ndiyo inayowaleta wanamichezo wengi katika vyumba vya matibabu, mara nyingi bila wao wala tabibu kuitambua.

Ujuzi usiofika sahanini

Tafiti zilizofanyika katika nchi mbalimbali kuhusu ujuzi wa lishe miongoni mwa wanamichezo zimeonyesha mambo yanayofanana. Wengi wanajua kwamba wanga hutoa nishati na kwamba maji ni muhimu. Wengi pia wanaamini kwamba protini ndiyo chanzo kikuu cha nguvu za misuli wakati wa mchezo, na kwamba kila mchezaji anahitaji vitamini za ziada. Taarifa hizo huzipata zaidi kwa makocha, wachezaji wenzao na mitandao ya kijamii kuliko kwa wataalamu wa lishe. Aidha, mapitio ya tafiti hizo yamebaini kwamba uhusiano kati ya ujuzi na ulaji halisi upo, lakini ni dhaifu.

Udhaifu huo hautokani na ukaidi. Mchezaji wa timu anayelala katika nyumba ya kupanga na kupikiwa chakula kimoja kwa siku hawezi kutekeleza ratiba ya milo mitano hata akiikariri neno kwa neno. Bondia anayetakiwa kupunguza uzito siku chache kabla ya pambano anajua kuwa kujinyima maji ni hatari, naye hujinyima. Mchezaji Mwislamu anayefunga Ramadhani hulazimika kuyagawa mahitaji yake yote kati ya futari na daku. Kwa hiyo ushauri unaoanza kwa kuorodhesha makundi ya vyakula, bila kuuliza nani anapika, saa ngapi, na kwa fedha kiasi gani, hubaki kuwa maneno mazuri tu.

Inafaa basi kuitafsiri namba kuwa chakula. Mchezaji mwenye kilo 60 anayehitaji gramu 6 za wanga kwa kila kilo anatakiwa apate gramu 360 kwa siku. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takribani gramu 75 za wanga. Hivyo nusu kilo ya unga, ikigawanywa katika milo, inaweza kukidhi hitaji hilo. Viazi vitamu, ndizi za kupika, wali, mihogo na uji navyo hufanya kazi ile ile. Baada ya mazoezi, protini ya takribani gramu 18 inamtosha mchezaji huyo kujenga upya misuli yake. Kikombe cha maharage yaliyopikwa na glasi ya maziwa hutoa kiasi hicho na ziada kidogo.

Mwili unapokopa kwenye mifupa

Mwaka 2014, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu upungufu wa nishati katika michezo, kisha ikalihuisha mwaka 2018 na 2023. Kiini chake ni hiki: nishati inayobaki baada ya kutoa ile iliyotumika mazoezini ndiyo inayouwezesha mwili kutengeneza homoni, kujenga mifupa, kupambana na maradhi na kuendesha uzazi. Ikibaki kidogo mno kwa muda mrefu, mwili hufunga shughuli ambazo si za dharura. Hedhi huchelewa au hukoma. Mifupa hupungua uimara na kupata nyufa kwa sababu ya kishindo kinachojirudia. Majeraha hayaponi kwa wakati. Wanaume nao hawakusalimika. Kwao homoni za uzazi hushuka na hamu ya tendo la ndoa hufifia.

Tuchukue mfano wa mkimbiaji wa kike ambaye mwili wake, ukiondoa mafuta, una kilo 42. Watafiti wengi wametumia kiwango cha kilokalori 30 kwa kila kilo hizo kama alama ya tahadhari, na 45 kama kiasi cha kumtosha. Si mpaka mkali, kwa kuwa miili hutofautiana, bali ni kipimo kinachosaidia kufikiri. Ikiwa mazoezi yake yanatumia kilokalori 800 kwa siku, akila 2,060 atakuwa amesimama kwenye alama ile ya tahadhari. Ili afikie kiasi cha kumtosha atahitaji takribani 2,690. Tofauti ni kilokalori 630, sawa na mlo mmoja kamili unaorukwa kila siku.

Wako wachezaji na makocha wanaoamini kwamba hedhi kukoma ni dalili ya mazoezi mazuri. Imani hiyo ni ya kupingwa waziwazi. Mhudumu wa afya anayempokea msichana mwanamichezo asiyepata hedhi kwa miezi 3 au zaidi anapaswa kwanza kuhakikisha kuwa si mjamzito, kisha achunguze ulaji wake pamoja na sababu nyingine za kitabibu. Kumpa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu ionekane huficha tatizo wala hakuijengi mifupa.

Chai na madini ya chuma

Uchovu usioelezeka, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo na kushuka kwa kasi ya mchezaji huweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma. Wanawake wako hatarini zaidi kwa sababu ya hedhi, na wakimbiaji hupoteza madini hayo kwa jasho na kwa misukosuko ya miguu inayovunja chembe nyekundu za damu. Mlo wetu wa nafaka na kunde una chuma, ila cha aina inayofyonzwa kwa shida. Chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza shida hiyo, kwani viambata vyake hukamata madini hayo kabla hayajaingia katika damu.

Haina maana ya kuiacha chai. Inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, na mlo uambatane na chungwa, pera au embe, kwa kuwa vitamini C husaidia ufyonzaji. Nyama, samaki na dagaa, hata kwa kiasi kidogo, huongeza chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Vidonge vya chuma visitumiwe bila kipimo cha damu. Kiwango cha himoglobini pekee kinaweza kuwa cha kawaida ilhali akiba ya chuma imekwisha. Panapowezekana, feritini nayo ipimwe.

Maji: kiu na kupita kiasi

Kupoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wa mwili kwa jasho, yaani kilo 1.2 kwa mtu wa kilo 60, hupunguza uwezo wa kustahimili kazi, hasa katika joto la mwambao. Hilo linajulikana sana. Lisilojulikana sana ni kwamba maji yakizidi nayo huua. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 mkimbiaji mmoja alifariki baada ya kiwango cha sodiamu katika damu yake kushuka. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 wa mashindano hayo hayo walibaini kuwa asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyo chini ya kawaida, na dalili kuu ya hatari ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio.

Mizani ya kawaida inatosha kumwongoza mchezaji. Ajipime kabla na baada ya mazoezi. Akipungua sana, wakati mwingine anywe zaidi. Akiongezeka, amekunywa kupita kiasi. Mkimbiaji anayemaliza mbio akiwa amechanganyikiwa, anatapika au ana degedege asiharakishiwe dripu ya maji kabla sodiamu haijapimwa.

Kopo lisilosema kweli

Virutubisho vya dukani vyenye ushahidi wa kisayansi wa kuongeza uwezo ni vichache: kafeini, kreatini, naitreti, sodiamu baikaboneti na beta-alanini. Hata hivyo, faida yao ni ndogo, na humfaa yule tu ambaye mlo na usingizi wake umekwisha kukaa sawa. Hatari yake si ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza bidhaa 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94 kati yake, karibu asilimia 15, zilikuwa na viambata vya homoni ambavyo havikutajwa kwenye vibandiko. Kwa kanuni za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, mchezaji huwajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Kopo moja linaweza kugharimu miaka ya kazi yake.

Kwa msomaji asiyekimbia

Kuna wagonjwa wanaouiga mlo wa mabingwa wakidhani kuwa ndiyo njia ya afya. Sukari inayomfaa mtu akimbiaye kilomita 20 kwa siku haimfai mgonjwa wa kisukari anayetembea nusu saa jioni. Vinywaji vya nishati havina kazi mwilini mwa mtu ashindaye ofisini, na protini ya kopo haifai kutumiwa na mwenye maradhi ya figo bila idhini ya daktari. Anayetumia insulini na kutaka kuanza mazoezi aonane kwanza na mhudumu wake ili wapange dozi na chakula, kwani sukari inaweza kushuka ghafla, hata saa kadhaa baada ya mazoezi.

Kwa mhudumu wa afya, maswali matano yanaweza kuulizwa hata katika kliniki yenye foleni ndefu. Unakula mara ngapi siku ya mazoezi, na nani anapika? Uzito wako umebadilikaje katika miezi 6 iliyopita? Kwa mwanamke, hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Je, umewahi kupata ufa wa mfupa au jeraha lisilopona? Unatumia nini kutoka dukani au kwa kocha? Majibu yakiashiria upungufu wa nishati, tiba ya kwanza ni kuongeza chakula na kupunguza mazoezi kwa muda. Kocha ahusishwe, kwa ridhaa ya mchezaji, kwa kuwa ratiba ya mazoezi na mara nyingi hata ya chakula iko mikononi mwake.