Mtoto hajui kusoma, aulizwe nani?

Karatasi yenyewe ni ya kawaida, imekunjwa na pembe zake zimeanza kuchakaa. Juu ina silabi, chini yake maneno, kisha aya fupi, na mwisho hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Nilikuwa nimekwenda kwa mwalimu mmoja kuuliza habari za utoro huku Dirma, wilayani Hanang. Badala ya kunipa idadi ya watoro, alifungua jalada lake akanipa karatasi hiyo. Imeniganda kichwani tangu siku ile.

Ni karatasi ya namna iliyotumiwa na Uwezo, tathmini iliyoanza nchini 2010 kwa kufuata mfano wa India. Wengi wanakumbuka matokeo yake: kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili kwa Kiswahili. Magazeti yaliandika, wabunge wakasema, na lawama zikawaangukia walimu. Mwalimu wangu, ambaye hakupenda jina lake litajwe, alikuwa mmoja wa waliojitolea kuzunguka na karatasi hizo. Anasema jambo kubwa halikuwa takwimu, ila mahali mtihani ulipofanyikia. Ulifanyikia nyumbani.

Waliojitolea walipiga hodi, wakasalimia, wakaomba ruhusa. Mtoto aliitwa, awe anasoma shule au hasomi. Alipewa karatasi palepale uani, kuku wakipita, mama akiwa na ungo mapajani. Hapakuwa na kufaulu wala kufeli. Mtoto aliandikwa pale alipofikia: silabi, neno, aya au hadithi.

Nilimuuliza mwalimu, mama asiyejua kusoma aliambulia nini? Swali hilo lilimchekesha kidogo. Mama huyo, anasema, hahitaji kujua herufi ili asikie mwanawe anapokwama. Anasikia sauti inayokwenda vizuri kwenye "baba" na "kaka", halafu inapungua, kisha inanyamaza. Anamwona mtoto anakuna kisigino kwa dole gumba la mguu wa pili. Miaka mitatu sare imefuliwa, madaftari yamenunuliwa, na siku hiyo ndiyo ya kwanza mama kusikia kwa masikio yake kinachotoka shuleni.

Wazazi wengine walikimbilia fimbo. Hapo mwalimu alijifunza kuwahi. Kabla mzazi hajafungua mdomo, yeye alitangulia kusema mtoto anaweza nini: silabi zote amezisoma, maneno matatu ameyapata, hesabu ya kutoa ameifanya bila kuhesabu vidole. Kuna mvulana mmoja hamsahau. Kwenye karatasi ya hesabu alikwama mapema, lakini alipoulizwa mbuzi wangapi wamebaki zizini ikiwa kumi na wanane wametoka na sita wamerudi, alitaja sita. Mwalimu alidhani amekosea. Kumbe mtoto aliona swali zima: zizi lilikuwa tupu, sita ndio waliorudi. Baba yake, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, ndiye aliyecheka kwanza.

Dirma ni nchi ya Wairaqw na Wadatoga. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuhesabu kwa Kiiraqw wak, tsar, tam hadi kumi bila shida, kisha akaonekana mzito pindi moja, mbili, tatu zinapoanza. Mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine hana namna ya kujua kama mtoto hajui hesabu au hajui Kiswahili. Kwa macho ya mwalimu wangu, hilo ni kosa la kwanza la shule: kumpa mtoto jina kabla ya kumjua. Akishaitwa mzito, mzazi analipokea jina hilo, na mtoto mwenyewe analizoea. Kuanzia hapo kumpeleka machungani kunaonekana busara.

Serikali haikukaa bure. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibanwa uzingatie KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2016 elimu bila malipo ikaanza, madarasa yakafurika. Waraka namba 3 wa mwaka huo uliacha sare, madaftari na chakula mikononi mwa wazazi, lakini wengi vijijini walichosikia ni neno "bure". Ugomvi wa uji wa shule ulianzia hapo, na mwalimu anasema haujaisha. Mtoto aliyetembea asubuhi bila kula hasomi saa tano, anasubiri kengele.

Tatizo linaanza hata kabla ya shule. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, ukichunguza maradhi ya tumbo, lishe na makuzi. Utafiti mwingine uliofuata hapohapo uliwapa watoto wachanga dawa za vimelea vya tumboni na vitamini, ukitaraji wakue vizuri zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalisema dawa hizo hazikuongeza ukuaji. Dawa hizo hazikutosha kwa mwili, na sioni kwa nini kitabu kimoja kipya au semina moja ya walimu itoshe kwa kusoma.

Mpango wa kuwakutanisha wazazi na walimu kwa utaratibu upo. Unaitwa UWAWA, Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, na umesukumwa na miradi ya EQUIP na baadaye Shule Bora. Majirani zetu wa Singida waliingizwa katika miradi yote miwili. Manyara, mkoa wetu, haikuingizwa hata mmoja. Mtoto wa Hanang na mtoto wa ng'ambo ya mpaka wa mkoa wanaweza kuchunga malisho mamoja. Nani aliamua wazazi wa mmoja waitwe mezani na wa mwingine wasubiri?

Mwalimu hakusubiri. Wazazi wanapokuja shuleni, anamwita mmoja mmoja pembeni, mtoto anasoma, mzazi anasikiliza. Kisha anauliza maswali yake: nyumbani mnaongea lugha gani, mtoto anaamka saa ngapi, nani anachunga, amekula nini. Anayeulizwa si mzazi peke yake. Na yeye anajieleza: darasa lina watoto wangapi, na ni lini mara ya mwisho alimsikiliza mtoto huyu akisoma peke yake. Anakiri jibu la swali hilo la mwisho humtia aibu yeye zaidi ya mzazi.

Mengine hana jibu. Muda huo haumo kwenye ratiba wala kwenye malipo. Wanaofika ni wazazi ambao wangefika hata hivyo. Mtoto aliyeko machungani na baba aliyehama na mifugo kutafuta maji, nani atawasomea karatasi hiyo? Mwalimu akihamishwa kesho, jalada litabaki na nani?

Maswali hayo ni ya halmashauri na TAMISEMI, na wayajibu. Lakini kuna moja lisilohitaji mradi wala mfadhili. Mwalimu mkuu unayesoma makala hii, mkutano ujao wa wazazi usiuanze na michango. Anza kwa kumpa kila mzazi dakika tano za kumsikia mwanawe akisoma. Michango ijadiliwe baadaye.