Jiwe Linalochagua Gesi: Zeolaiti na Oksijeni ya Wagonjwa wa Ufipa

Mtoto mwenye nimonia kali anaweza kufariki kwa upungufu wa oksijeni hata kabla dawa ya kuua bakteria haijamaliza kazi yake. Katika maeneo ya mwinuko kama Mollo, mkoani Rukwa, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Uwanda wa Ufipa ulipo mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Hewa ina oksijeni asilimia 21 ileile, lakini kila pumzi huingiza molekuli chache zaidi. Kwa kuwa mitungi ya oksijeni ni mizito na hujazwa mbali, vituo vingi vya afya hutegemea mashine zinazotenga oksijeni kutoka hewani. Kiini cha mashine hizo ni punje za zeolaiti.

Kazi ya ayoni za metali

Zeolaiti ilipewa jina mwaka 1756 na Axel Fredrik Cronstedt wa Uswidi. Hapa Tanzania zeolaiti za asili zimo katika masimbi ya ziwa la kale la Olduvai, ambako majivu ya volkano yalikutana na maji ya magadi. Zile za mashine hutengenezwa viwandani.

Jiwe hili limejaa vyumba vidogo mno. Kuta zake ni silikoni, alumini na oksijeni, na kila atomu ya alumini huacha chaji hasi moja. Chaji hiyo husawazishwa na ayoni ya metali: lithiamu, sodiamu, potasiamu au kalsiamu. Ayoni hizo ndizo zinazoamua gesi ipi itanaswa.

Kwanza, ayoni hupima ukubwa wa mlango. Katika zeolaiti ya aina A, potasiamu huacha mwanya wa nanomita 0.3 hivi, na sodiamu 0.4. Kalsiamu huacha 0.5, kwa kuwa chaji yake ni mbili na hivyo ayoni zinazohitajika ni nusu. Molekuli ya hewa ukaa ina upana wa takriban 0.33, kwa hiyo potasiamu huizuia mlangoni kwa kiasi kikubwa.

Pili, ayoni huvuta. Ncha za molekuli ya hewa ukaa zina chaji hasi kidogo, nazo huelekea kwenye metali. Katika zeolaiti ya aina X, yenye milango mipana, lithiamu iliyo ndogo huvuta kwa nguvu kuliko sodiamu, na sodiamu kuliko potasiamu. Naitrojeni huvutwa vivyo hivyo, ila kwa udhaifu zaidi, na oksijeni hafifu kabisa. Kwa sababu hiyo mashine ikisukuma hewa kwenye punje, naitrojeni na hewa ukaa hubaki nyuma, na oksijeni humfikia mgonjwa.

Kushika na kuachia

Mvuto mkali una gharama yake. Kinachoshikwa kwa nguvu huachiwa kwa shida. Naitrojeni hutoka mgandamizo unaposhushwa, ndiyo maana mashine huwa na mitungi miwili inayopokezana. Hewa ukaa ni ngumu zaidi kuiondoa: katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, zeolaiti iliyonasa pumzi za wanaanga husafishwa kwa joto na ombwe. Mvuke wa maji hushikwa kwa nguvu kuliko vyote, na ukishakalia ayoni, nafasi ya naitrojeni hupotea.

Utunzaji

Matokeo yake wodini ni kwamba mashine yaweza kunguruma kama kawaida huku ikitoa oksijeni hafifu. Shirika la Afya Duniani hutaka kiwango kisipungue asilimia 82. Kipimwe kwa kifaa chake mara kwa mara, bila kutegemea sauti wala mtiririko pekee. Vichujio visafishwe na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine ikae mbali na jiko, moshi na mvuke, na isiachwe stoo yenye unyevu msimu mzima wa mvua. Kabla ya kununua, uongozi uhakikishe kuwa mwinuko wa kituo haupiti kikomo alichotaja mtengenezaji.

Mtoto apimwe oksijeni kidoleni: ikiwa chini ya asilimia 90, aanzishiwe oksijeni bila kuchelewa. Isipopanda licha ya tiba, mashine nayo ichunguzwe pamoja na mgonjwa.