Tuta la mchicha linavyolipa Temeke

Mchicha huwa tayari kuvunwa wiki tatu hadi nne baada ya mbegu kusiwa. Muda huo mfupi, kuliko rutuba au mvua, ndio unaoeleza kwa nini mboga za majani zimeenea katika viwanja vya wazi na mabonde ya Temeke jijini Dar es Salaam, Chang'ombe ikiwemo. Mkulima wa mjini mara nyingi hulima ardhi isiyo yake: kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga, hifadhi ya barabara, ukingo wa mto. Anayeweza kuambiwa ahame wakati wowote hapandi mchungwa. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilikitambua kilimo hiki kwa masharti, ila kutambuliwa si kupewa hati.

Gunia kwa ekari, kipimo cha mahindi, hapa hakisaidii. Huhesabiwa matuta, na mara ngapi tuta limevunwa kwa mwaka. Udongo wa pwani ni kichanga: maji hupenya upesi na kuondoka na naitrojeni ambayo majani huihitaji sana. Samadi ya kuku hulijaza pengo hilo haraka kuliko ya ng'ombe, na mabanda ya kuku mjini hayako mbali. Lakini ikiwekwa mbichi, huunguza miche. Kurudia zao lile lile kwenye tuta lile lile huzidisha minyoo fundo mizizini. Wataalamu hushauri kubadilisha mazao na kupumzisha ardhi. Ushauri ni sahihi, ingawa ni mgumu kwa mtu ambaye msosi wa leo unatoka kwenye tuta hilo.

Kiangazi kazi kubwa ni kumwagilia, na visima vifupi vya pwani vingine vina chumvi inayodumaza mimea. Masika, Machi hadi Mei, maji huzidi: mabonde hufurika, miche huoza, mboga huadimika na bei hupanda. Aliyeinua matuta yake ndiye anayeuza, na mara nyingi mchuuzi hununua tuta zima likiwa bado shambani.

Maji ya mito hayana gharama, lakini hupokea majitaka ya makazi na viwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta risasi na kadimi katika mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Kuosha huondoa vumbi na baadhi ya vijidudu. Madini yaliyokwisha kufyonzwa na mizizi hubaki ndani ya jani.