Gari Linalonguruma: Masikio Kwanza, Spana Baadaye

Paukwa? Pakawa! Sogeeni, watoto wangu. Leo sungura na fisi wapumzike, maana hadithi yetu ni ya pikapu. Ilikuwa ya babu mmoja wa Tanga, ya kubebea machungwa kutoka Muheza. Jioni ililala kimya. Alfajiri ilipowashwa ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika. Mjukuu wake, binti wa miaka 12, akakimbilia boksi la spana.

"Weka chini hilo, mjukuu wangu," Babu akamwambia. "Kwanza tusikilize linasema nini."

Nanyi, kabla hatujaendelea, mjue kelele ya gari huzaliwa wapi. Ndani ya injini petroli huungua kwa milipuko midogo midogo. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, milipuko hiyo hufika 100 kila sekunde! Kila mlipuko husukuma nje moshi wa moto pamoja na kishindo chake. Moshi huingia kwenye manifoldi iliyofungwa ubavuni mwa injini, ukapita kwenye masega yanayopunguza sumu, ukafuata bomba chini ya gari hadi kwenye sailensa, ndipo utoke nyuma. Njia hiyo nzima ndiyo ekzosi.

Sailensa ina vyumba na vibomba vyenye matundu. Humo mawimbi ya sauti hugonga kuta, hurudi, hukutana na wenzao na kumalizana nguvu. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hati ya uvumbuzi wa kifaa cha namna hiyo mwaka 1897. Basi gari likinguruma ghafla, mara nyingi ama sailensa imeoza, ama moshi umepata upenyo kabla ya kuifikia.

Upenyo uko wapi? Sauti yenyewe hukuelekeza. Ukisikia "tik-tik-tik" karibu na injini wakati ni ya baridi, kisha ikafifia injini ikipata moto, shuku gasketi ya manifoldi au ufa: chuma kikipata moto hutanuka na kuubana mwanya. Ngurumo nzito chini ya miguu yako, bomba limetoboka. Ikitoka nyuma kabisa, tazama sailensa. Kukigongagonga kila ukipita kwenye shimo, huenda raba ya kuning'inizia bomba imekatika. Na ukisikia kitu kikicheza ndani ya sailensa kama maharagwe kwenye kopo, kuta zake za ndani zimeachana.

Binti alitega sikio, akasema, "Ni katikati, Babu." Babu akavaa glovu nene, akakunja kitambaa kilicholoweshwa, akaziba mdomo wa bomba kwa sekunde chache tu. Moshi ulipokosa njia, chini ya gari kukasikika "fsss!" Binti alikuwa amepatia.

Injini ikazimwa, wakangoja ekzosi ipoe kabisa, kwa sababu chuma hicho huunguza ngozi mara moja. Waliweka mawe kwenye magurudumu, wakainua gari kwa jeki, kisha wakaliegemeza juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake huweza kuteleza, na aliye chini hana pa kukimbilia.

Binti akamulika tochi. Nyuma ya masega, upande wa juu wa bomba, palikuwa na doa la masizi meusi, na katikati yake tundu la kupitisha kidole. Babu akagonga bomba kwa mpini wa bisibisi. Penye uzima palilia "ngii". Karibu na tundu palijibu "bu", chuma kimelika.

"Nani amelitoboa?" binti akauliza.

"Maji," Babu akajibu. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Safari ikiwa fupi, bomba halipati moto wa kutosha kuukausha, unyevu hubaki humo na kutu huanza kula kutoka ndani. Nje, chumvi ya bahari humalizia.

Wakasugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, wakapaka pasta ya kuzibia ekzosi. Babu akakata kipande cha bati la kopo tupu, akakizungushia pale na kukikaza kwa klampu mbili, moja kila upande wa tundu. Pasta ilipokauka, wakawasha injini taratibu ili joto liigandishe. Ngurumo ikakoma.

Kazi hii hufanyika nje, mkubwa akiwapo. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Mkinusa moshi ndani ya gari, fungueni madirisha, mshuke, na safari iishie hapo.

Kiraka cha kopo hakidumu. Babu alijua hivyo, akalipeleka gari kwa fundi wa kuchomelea. Fundi alipotamka bei ya ekzosi nzima, binti akamwamkia kwa adabu, akasema, "Fundi, tundu ni moja tu, nyuma ya masega, upande wa juu. Sailensa ni nzima, tumeigonga." Fundi akainama, akagonga mwenyewe, akacheka. Akachomelea kipande kimoja cha bomba, akatoza bei ya kipande kimoja.