Prosesa ine, moja tu njo inatumika

Leo naleta jambo la kazi, juu linaweza kuwaokolea feza.

Nilikuwa nachunga seva ya ofisi moja hapa Lubumbashi. Kila asubuhi, watu wote wakifungua mafaili yao, kila kitu kinakwama. Mmoja akasema ni koneksio. Mwingine akasema seva imezeeka, tununue ingine. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kukubali.

Bahati nilifungua kwanza amri ya top, nikabonyeza 1 ili nione kila prosesa peke yake. Kumbe! Prosesa tatu zimelala, ya ine imejaa kabisa, na sehemu kubwa ya kazi yake iko kwenye safu ya "si". Sawa vile gishe ine zimefunguliwa, lakini watu wote wamepanga mstari kwa moja.

Juu ya nini? Pakiti zikifika, kadi ya mtandao inatuma ishara ya kukatiza. Prosesa inaacha ile ilikuwa inafanya, inahudumia kadi, kisha inarudi. Faili /proc/interrupts linaonyesha kila prosesa imekatizwa mara ngapi na kifaa gani. Kwetu, kadi na diski zote zilikuwa zinagonga mlango wa CPU0.

Dawa ya kwanza: kila katizo lina namba yake. Tuseme ni 30. Katika /proc/irq/30/smp_affinity unaandika prosesa unayotaka: 1 ni CPU0, 2 ni CPU1, 4 ni CPU2, 8 ni CPU3. Nikaandika 4, kadi ikahamia CPU2, diski ikabaki pale pale.

Lakini angalia: kadi yetu ina foleni moja tu. Kuihamisha ni kuhamisha mstari, si kuugawa. Kadi zenye foleni nyingi zinapewa katizo kwa kila foleni, basi kila prosesa inapata yake. Kwa kadi maskini kama yetu, Linux ina RPS tangu toleo la 2.6.35, mwaka 2010: prosesa moja inapokea, kisha kerneli inagawia zingine. Inaangalia anwani na poti, ili pakiti za mazungumzo mamoja ziende kwa prosesa moja, zisivuruge mpangilio.

Mambo mawili yalinifunza. Programu ya irqbalance, kama inatembea, inaweza kufuta ile umeandika kwa mkono; chagua moja. Tena, umeme ukikatika na seva ikawaka upya, maandishi yale yote yanapotea. Na hapa kwetu umeme tunaujua! Siku ya tatu tu tulirudia pale pale, mpaka nilipoweka amri zile ndani ya skripti ya kuwasha.

Seva ile ingali inafanya kazi. Hatukununua kitu. Mbele ya kusaini karatasi ya kununua mashine mpya, hesabu kwanza gishe ngapi zinahudumia watu.