Bahasha ya Dawa na Mama Asiyesoma

Mgonjwa wa Shinyanga au Geita anapopewa vidonge katika bahasha iliyoandikwa 1×3, aliyesoma huelewa upesi: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Asiyesoma huambiwa mara moja dirishani, foleni ikimsukuma kwa nyuma, kisha hubaki kutegemea kumbukumbu au kumsubiri mtoto atoke shule. Mara nyingi huyo asiyesoma ni mwanamke.

Hali hiyo si ya Usukumani peke yake. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wasiojua kusoma na kuandika ni wanawake. Katika Amerika ya Kusini pengo baina ya jinsia limekaribia kuzibika. Asia ya Kusini na Afrika iliyo kusini mwa Sahara lingalipo, na katika nchi kama Chad ni pana mno. Lesotho imeipindua hesabu: huko wanawake ndio wasomi zaidi, kwa kuwa wavulana walipelekwa malishoni. Wasukuma nao huwatuma wavulana machungani, lakini kwao ng'ombe humgusa binti pia, kwa njia ya mahari.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Aliyepata mimba shuleni alifukuzwa. Ruhusa ya kurudi katika shule za serikali ilitolewa mwishoni mwa 2021. Waliotolewa darasani kabla ya hapo ndio baadhi ya akina mama wanaoshika kadi za kliniki leo.

Kanda hii iliwahi kuwa mfano wa kisomo. Mwaka 1968 serikali na UNESCO walianzisha mradi wa majaribio wenye makao Mwanza, uliofika Shinyanga pia; herufi zilifundishwa kwa masomo ya pamba, ng'ombe na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu zaidi ya milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Ubao na choo vilihubiriwa kwa pamoja, jambo ambalo semina za leo hulisahau.

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu wanawake huponda mawe na kuchenjua kwa zebaki. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Onyo lililobandikwa ukutani halimsaidii asiyesoma.

Mhudumu asimwulize mama mbele ya watu kama anajua kusoma. Aibu itamfanya aitikie. Amwombe aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyoinywa dawa, kwa Kisukuma ikibidi, na juu ya bahasha achore jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Mama naye asiondoke dirishani kabla hajaelewa, hata foleni ikinung'unika.